Rubani wa Jana na Rubani wa Leo

Tangu siku mwanadamu alipotoka mlangoni pake kwenda mbali kuliko jicho lake lilivyoweza kuona, amefuatwa na maswali mawili. La kwanza ni, Niko wapi? La pili ni, Nipite wapi? Watu wengi hudhani kuwa maswali haya ni swali moja, kwa sababu huulizwa pamoja na kwa kinywa kimoja. Lakini sivyo. Mtu aweza kujua sawasawa mahali aliposimama asijue njia ya kumtoa hapo. Na mwingine aweza kuijua njia kwa nyayo zake, usiku na mchana, asiweze kuonyesha mahali pake katika ramani. Historia ya safari ni historia ya maswali haya mawili, na katika insha hii nataka kuyafuata tangu wakati wa majahazi hadi wakati wa pikipiki. Nitaanza na pikipiki, kwa kuwa ndiyo iliyonifunza tofauti yake.

Mpwa wangu ni kijana wa Malindi. Alipomaliza masomo ya sekondari aliweka akiba kidogo kidogo, chama cha mama yake kikamkopesha kiasi kilichopungua, akanunua pikipiki mpya ya kubebea abiria. Ilikuwa nyekundu, ikinuka mpira na rangi mbichi, na deni lake lilikuwa jipya kama yenyewe. Juu ya usukani alifunga kishikio, na ndani ya kishikio akatia simu yake yenye ramani, na katika ramani hiyo palikuwa na kinukta cha buluu kilichosogea kila pikipiki iliposogea. "Mjomba," akaniambia, "siku hizi hakuna kupotea. Wewe nitajie mahali tu." Nikamtajia Ngomeni, kijiji cha wavuvi kilichoko kaskazini ya Malindi. Nilitaka kuyaona majukwaa ya chuma yaliyosimamishwa baharini mbele ya kijiji hicho, ambayo habari zake nitazieleza baadaye.

Tulivaa helmeti zetu, tukavuka daraja la mto Sabaki, tukapita Mambrui, tukafika Gongoni. Mpaka hapo kinukta na barabara walikuwa marafiki. Kutoka Gongoni simu ilituonyesha njia mbili za kwenda Ngomeni. Moja ilikuwa ya kuzunguka, nayo ilikuwa imekanyagwa na magari. Ya pili ilikuwa nyembamba, imenyoka kama uzi kati ya mashamba ya chumvi, na simu ilidai kuwa ingetupunguzia dakika kadhaa. Tukaifuata ya pili. Kwa muda tulikwenda vizuri juu ya tuta la udongo, mabwawa ya chumvi yakimeremeta kwa jua upande huu na huu. Kisha tuta likaisha, tukateremka penye uwanda wa matope baina ya mikoko, na sauti ya simu ikashikilia kuwa tuendelee mbele. Gurudumu la nyuma likazama. Tukashuka, tukasukuma, likazidi kuzama. Mpwa wangu akatazama simu: kinukta kilikuwa katikati ya njia hasa. Akatazama chini: hapakuwa na njia. Palikuwa na maji membamba yaliyokuja taratibu kati ya mizizi ya mikoko. Ilikuwa yapata saa saba mchana, siku ya tatu baada ya mwezi mpevu, wakati wa bamvua, na bahari ilikuwa imeanza kujaa.

Namwomba msomaji atuache hapo matopeni kwa kitambo, tukautafute ukoo wa kinukta kile cha buluu. Kwa maana ni ukoo mrefu, na baadhi ya jamaa zake walizaliwa katika mwambao wetu huu.

Zamani, watu wa mwambao walisafiri kwa pepo na nyota. Kaskazi huvuma kutoka upande wa Uarabuni na Bara Hindi kati ya Desemba na Machi; kusi huvuma kutoka upande wa pili tangu Aprili hadi Septemba. Majahazi yalikuja kwa kaskazi, yakarudi kwa kusi. Pepo hizo ndizo zilizotupa maneno kaskazini na kusini, hata leo mtu anapotaja upande wa dunia kwa Kiswahili hutaja upepo uliokuwa ukijaza matanga ya babu zake. Usiku mabaharia wa Bahari ya Hindi walipima kimo cha nyota kwa chombo kilichoitwa kamal. Kilikuwa kipande cha ubao chenye kamba iliyopigwa mafundo. Baharia aliiuma kamba kwa meno, akaunyosha ubao mbele ya jicho lake mpaka ukingo wa chini ukaonekana kugusa upeo wa bahari na ukingo wa juu kugusa Nyota ya Kaskazini. Fundo alilouma lilimwambia nyota iko juu kiasi gani. Na kimo cha nyota kilimwambia yuko mbali kiasi gani na Ikweta. Kusini ya Ikweta nyota hiyo huzama isionekane, ikawapasa mabaharia watumie nyota nyingine. Elimu hii haikuwa ya kubahatisha. Mwanamaji Ahmad ibn Majid, aliyezaliwa Julfar katika Ghuba, aliiandika katika kitabu kikubwa karibu na mwaka 1490, akaeleza nyota, pepo, bandari na dalili za nchi kavu.

Mwezi wa Aprili mwaka 1498, Vasco da Gama wa Ureno alitia nanga Malindi. Alikuwa amezunguka Afrika yote kwa upande wa kusini, ana meli na mizinga, lakini hakujua jinsi ya kuvuka bahari iliyobaki. Mfalme wa Malindi, aliyekuwa na uadui na Mombasa, alimpa rubani. Kwa muda mrefu vitabu vingi vilisema kuwa rubani huyo alikuwa Ahmad ibn Majid mwenyewe. Wanahistoria wengi wa leo hawakubali hivyo, na baadhi yao humtaja kuwa mtu wa Gujarat. Hata akiwa nani, aliyajua maswali yote mawili. Tarehe 24 Aprili waling'oa nanga, na kabla ya mwezi wa Mei kwisha walikuwa Calicut, katika pwani ya Bara Hindi. Mvuko wa siku chache uliofunguliwa na elimu ya mtu mmoja ulileta taabu ya miaka mingi: mwaka 1505 Wareno waliteka Kilwa na kuichoma Mombasa. Katika habari hii mna fundisho la kwanza. Elimu ya njia ni mali, na aitoaye kwa mgeni humpa ufunguo wa nyumba.

Hata hivyo elimu ya nyota ilikuwa na upungufu mmoja mkubwa. Ilimwambia baharia yuko wapi kwa kaskazini na kusini, yaani latitudo yake. Haikumwambia vizuri yuko wapi kwa mashariki na magharibi, yaani longitudo. Mwambao wetu umelala kaskazini kwa kusini, kwa hiyo baharia wetu hakuumia sana. Lakini katika bahari kuu za magharibi ujinga huo uliua watu. Tarehe 22 Oktoba 1707 manowari za Uingereza, zikirudi kwao na kudhani ziko mahali salama, zilijipiga katika miamba ya visiwa vya Scilly. Manowari 4 zilizama, na watu wapatao 1,400 au zaidi wakafa maji. Mwaka 1714 Bunge la Uingereza liliahidi tuzo ya pauni 20,000, mali nyingi mno wakati ule, kwa mtu atakayepata namna ya kujua longitudo baharini.

Wataalamu wakubwa walilitafuta jibu angani. Jibu lilipatikana katika karakana ya seremala. John Harrison, mwana wa seremala, alifahamu kuwa dunia huzunguka digrii 15 kila saa moja. Basi kama baharia ana saa inayoonyesha wakati wa bandari aliyoiacha, na jua linamwonyesha wakati wa mahali alipo, tofauti ya nyakati mbili hizo itamwambia umbali wake wa mashariki au magharibi. Shida ilikuwa kuunda saa isiyopotoshwa na mawimbi, joto wala baridi. Harrison alitumia sehemu kubwa ya maisha yake kwa kazi hiyo. Saa yake ya nne, aliyoimaliza mwaka 1759, ilipelekwa Jamaica mwaka 1761 ili ijaribiwe, na ilipofika, baada ya siku 81, ilikuwa imechelewa kwa sekunde 5 tu. Wakubwa walimzungusha na kumwekea masharti mapya. Malipo ya mwisho aliyapata mwaka 1773, akiwa mzee wa miaka 80. Msomaji na alishike neno hili vizuri, maana ndilo mzizi wa yote yatakayofuata: anayetaka kujua mahali, na apime wakati.

Sasa na turuke miaka 200. Tarehe 4 Oktoba 1957 Warusi walirusha Sputnik, chombo cha kwanza kuundwa na watu kikaizunguka dunia. Kilikuwa tufe la madini lenye upana wa sentimeta 58, kikitoa mlio wa redio: pip, pip, pip. Huko Marekani, katika maabara ya Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, wanafizikia wawili vijana, William Guier na George Weiffenbach, walikaa wakiusikiliza mlio huo. Waligundua kuwa sauti haikuwa moja: chombo kilipokuwa kikija ilikuwa nyembamba zaidi, na kilipokuwa kikienda zake ilikuwa nzito zaidi. Jambo hili lilielezwa na Christian Doppler mwaka 1842, na kila mwanafunzi anayekaa kando ya barabara amelisikia mwenyewe. Pikipiki ikija mbio, mlio wake huwa wa juu. Ikishakupita, mlio huanguka. Kwa kupima kuanguka kwa mlio, vijana wale waliweza kuandika njia nzima ya Sputnik angani bila ya kuondoka katika viti vyao.

Mwaka uliofuata mkubwa wao, Frank McClure, aliligeuza jambo juu chini. Alisema, Ikiwa mtu aliyeko mahali panapojulikana aweza kujua setilaiti iko wapi, basi mtu anayejua setilaiti iko wapi aweza kujua mahali alipo yeye mwenyewe. Wazo hilo lilizaa setilaiti za Transit, zilizoanza kufanya kazi mwaka 1964 ili kuongoza nyambizi za kivita za Marekani. Lakini zilikuwa chache, ikampasa nahodha angoje setilaiti ipite juu yake. Mwaka 1973 serikali ya Marekani iliamua kuunda mpango mwingine, ambao jina lake la kifupi ni GPS, chini ya uongozi wa Bradford Parkinson. Setilaiti ya kwanza ya mpango huo ilirushwa Februari 1978, na mwaka 1995 ilitangazwa kuwa mpango wote umekamilika, ukiwa na setilaiti 24 kamili.

Kazi ya setilaiti hizo si ngumu kueleweka. Kila moja huzunguka juu ya dunia kwa kimo cha kilomita 20,200 hivi, nayo hutangaza maneno mawili bila kuchoka: hapa ndipo nilipo, na hii ndiyo saa yangu. Simu iliyo katika usukani wa pikipiki haipeleki neno lolote kwa setilaiti, husikiliza tu. Hulinganisha saa iliyotangazwa na saa iliyosikia tangazo, na kwa kuwa mawimbi ya redio huenda karibu kilomita 300,000 kwa sekunde moja, huhesabu umbali. Tuseme mtu anajua kuwa yuko kilomita 100 kutoka Malindi: aweza kuwa popote katika duara kubwa. Akijua pia umbali wake kutoka Lamu, maduara mawili hukatana mahali pawili tu. Umbali wa tatu, kutoka Garissa, huchagua pamoja. Angani hesabu ni hiyo hiyo, ila setilaiti ya nne huongezwa ili kuisahihisha saa dhaifu ya simu.

Basi mwanafunzi ataona kuwa tumerudi kwa Harrison. Yote ni saa. Kosa la sehemu moja ya milioni ya sekunde humtupa msafiri mita 300 nje ya mahali pake. Kwa hiyo kila setilaiti hubeba saa za atomu. Tena saa hizo, kwa jinsi Albert Einstein alivyoeleza mapema katika karne ya 20, haziendi sawa na saa za ardhini: mwendo wao mkali huzichelewesha, na udhaifu wa mvuto wa dunia huko juu huziharakisha, na mwisho wa hesabu huzitangulia za kwetu kwa sehemu 38 za milioni ya sekunde kila siku. Lau wahandisi hawangaliiondoa tofauti hiyo, kosa la ramani lingalikuwa likiongezeka zaidi ya kilomita 10 kwa siku moja.

Yafaa pia kumtaja Gladys West. Alizaliwa mwaka 1930 katika jimbo la Virginia, mtoto wa wakulima weusi, wakati watoto weusi wa huko walipotengwa katika shule zao. Alisoma hesabu, na tangu mwaka 1956 akafanya kazi katika kituo cha wanamaji cha Dahlgren. Huko alishughulikia hesabu za umbo la kweli la dunia; kwa maana dunia si mviringo kamili, imebonyea huku na kuvimba huku, na setilaiti isiyojua umbo hilo haiwezi kumweka mtu mahali pake. Kwa miaka mingi jina lake halikujulikana nje ya kazi yake. Mwaka 2018 jeshi la anga la Marekani lilimtia katika orodha ya waasisi wake wa elimu ya anga za juu.

Lakini chombo hiki kilizaliwa kwa ajili ya vita, na mlango wake ulifunguliwa kwa damu. Tarehe 1 Septemba 1983 ndege ya abiria ya Korea ya Kusini, ikitoka New York kwenda Seoul kupitia Anchorage, ilipotea njia ikaingia katika anga ya Urusi ya wakati ule. Marubani hawakujua kuwa wamepotea. Ndege ya kivita iliitungua, na watu wote 269 waliokuwamo wakafa. Mwezi huo huo serikali ya Rais Reagan ilitangaza kuwa GPS itakapokuwa tayari, raia wa mataifa yote wataruhusiwa kuitumia bure. Hata hivyo walioimiliki walijiwekea kilicho bora. Waliyapotosha makusudi matangazo ya raia, hata mtu akaweza kuonyeshwa mahali palipo mita 100 mbali na alipo. Mapotosho hayo yaliondolewa mwanzo wa Mei 2000, na tangu hapo ndipo mtu wa kawaida alipoweza kufuata barabara moja katika mji bila ya kuonyeshwa ya jirani. Mataifa mengine, yakihofu kutegemea mlango ambao ufunguo wake uko kwa mwingine, yamejenga mipango yao: Urusi ina GLONASS, Ulaya ina Galileo, na China ilikamilisha BeiDou mwaka 2020. Simu nyingi za leo husikiliza mipango hiyo yote pamoja.

Je, sisi tumekuwa watazamaji tu? Hapa ndipo yanapoingia majukwaa ya Ngomeni. Mahali palipo karibu na Ikweta ni pazuri kwa kurushia roketi, kwa kuwa hapo mzunguko wa dunia huisukuma roketi kwa nguvu kuliko mahali pengine. Kwa sababu hiyo Waitalia, wakiongozwa na Profesa Luigi Broglio, walisimamisha majukwaa baharini mbele ya Ngomeni, wakayaita San Marco na Santa Rita. Tarehe 26 Aprili 1967 setilaiti ya kwanza ilirushwa kutoka hapo. Tarehe 12 Desemba 1970, siku Kenya ilipotimiza miaka 7 ya uhuru, ilirushwa setilaiti ya Marekani ya kuchungulia mionzi ya nyota, nayo kwa heshima ya siku hiyo ikapewa jina la Kiswahili: Uhuru. Ilikuwa ya kwanza duniani kwa kazi yake. Kurusha kulikoma mwaka 1988. Hivyo nyota ya kuundwa yenye jina la lugha yetu iliondoka katika maji yale yale ambayo Vasco da Gama aliyapita akiomba rubani. Lakini roketi, setilaiti na majukwaa havikuwa vyetu. Mwaka 2017 Kenya ilianzisha shirika lake la anga za juu, na tarehe 15 Aprili 2023 setilaiti Taifa-1, iliyosanifiwa na wahandisi wa Kenya, ilirushwa. Nayo ilirushwa kutoka California, si kutoka Ngomeni.

Kuna sehemu nyingine ya kazi ambayo haihitaji roketi. Setilaiti humjibu mtu swali la kwanza tu: uko hapa. Swali la pili, upite wapi, hujibiwa na ramani, na ramani huchorwa na watu. Mchoraji aliyeko mbali, akitazama picha iliyopigwa kutoka juu siku ya maji kupwa, aweza kuuona mkondo mkavu kati ya mikoko akadhani ni barabara. Tena aweza kuliona jiji zima asilichore. Kibera ya Nairobi, pamoja na wingi wa watu wake, ilikuwa pahali patupu katika ramani nyingi mpaka mwaka 2009, vijana wa Kibera wenyewe walipotembea vichochoro kwa vichochoro, vyombo vya GPS mikononi, wakaandika zahanati, shule, vyoo na visima vyao. Hawakuunda setilaiti hata moja. Walijua njia, wakaiandika.

Na tuwarudie watu wetu matopeni. Maji yalikuwa yamefika katika vifundo vya miguu, na mpwa wangu alikuwa hasemi tena. Nilijua alichokuwa akifikiri: chumvi ndani ya injini, chama cha mama yake, na malipo ya kila juma. Ndipo mzee mmoja mvuvi alipotokea katika mikoko, wavu begani.

"Shikamoo, mzee," mpwa wangu akamwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Nani aliyewaelekeza huku?"

"Simu, babu."

Mzee akaitazama simu, akaitazama bahari. "Simu yako haijui bamvua," akasema. "Zimeni moto, mkate matawi makavu. Upesi."

Tulitia matawi chini ya gurudumu, tukafunga kamba ya wavu katika chuma cha mbele, tukavuta watu wawili na mmoja akasukuma. Pikipiki ikatoka. Mzee hakuturudisha tulikopita, kwa kuwa huko maji yalikuwa yamekwisha kutangulia. Alitupitisha upande wa mikoko minene, akitueleza kuwa penye mizizi mingi matope hushikamana, na penye uwazi mzuri ndipo penye kuzama. Tulisukuma pikipiki nusu saa nyuma ya nyayo zake mpaka tukakanyaga tuta. Tulipogeuka, mahali tulipokuwa tumekwama palikuwa bahari tupu, na katika kioo cha simu njia ilikuwa bado imenyoka juu yake kama uzi.

Mpwa wangu alitaka kumpa mzee fedha. Alikataa, akaomba tu apelekwe Ngomeni kwa pikipiki, kwa kuwa miguu yake ilikuwa imechoka. Akapanda nyuma ya mpwa wangu, nami nikafuata kwa miguu nikitazama majukwaa ya San Marco yakitokea mbali juu ya maji. Jioni, chini ya mnazi, kijana alimwuliza mzee maswali mengi: wapi hupitika maji yakipwa, wapi hapapitiki kabisa, na dalili zake ni zipi. Kisha akafungua ramani yake, ambayo ni miongoni mwa zile zinazoruhusu watu kuzisahihisha, akaifuta njia ile ya uwongo, akaandika mahali pake: mkondo wa bahari, hujaa maji. Sikumwambia afanye hivyo.

Wanafunzi, katika mikono yenu mna chombo ambacho Harrison, Ibn Majid na rubani wa Malindi wangalikipokea kwa machozi ya furaha. Kitumieni bila ya hofu, maana kukataa elimu mpya kwa sababu ni mpya ni ujinga wa namna nyingine. Lakini kumbukeni kuwa kina elimu ya nusu. Nusu ya pili imo katika vichwa vya wazee wa mahali, nao wanaondoka duniani mmoja mmoja, kila mmoja na ramani yake. Kuuliza si ujinga. Na kuandika ulichojibiwa ni deni kwa watakaokuja nyuma yako. Mpwa wangu angali na pikipiki yake, na simu yake ingali katika usukani. Ila siku hizi, afikapo mahali pageni, huzima injini kwanza, akaamkia watu, akauliza.